Leishmaniasisi: nani hutunza vimelea, na vinamfikiaje binadamu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Leishmaniasisi ni ugonjwa mmoja au kundi la magonjwa?

Ni kundi. Kuna zaidi ya spishi 20 za kimelea cha Leishmania zinazomuuguza binadamu, na hujitokeza kwa sura tatu kuu. Ya kwanza ni kala-azar, ambayo vimelea vyake hukaa katika wengu (wengine huita bandama), ini na uboho. Mgonjwa asipotibiwa, karibu kila mara hufa. Ya pili ni ya ngozi: kidonda kimoja au zaidi mahali mtu alipoumwa na nzi anayeeneza vimelea, kisicho na maumivu makali, chenye kingo zilizoinuka na katikati pamebonyea. Mara nyingi hupona chenyewe baada ya miezi mingi na kuacha kovu la kudumu. Ya tatu hula utando wa pua, mdomo na koo, na wagonjwa wake wengi wako Bolivia, Brazil, Ethiopia na Peru.

Shirika la Afya Duniani hukadiria wagonjwa wapya 700,000 hadi milioni 1 kila mwaka kwa sura zote, na kati yao 50,000 hadi 90,000 ni wa kala-azar.

Kabla ya kupanga kinga yoyote, uliza maswali mawili: hapa kuna spishi ipi, na nani anaitunza? Kuna mahali ni mbwa, pengine ni panya, na pengine ni binadamu mwenyewe. Asiyejua hilo anaweza kuua mbwa wa kijiji kizima bila kupunguza hata mgonjwa mmoja.

Nzi anayeueneza ni yupi? Ndiye usubi?

Hapa majina huchanganya. Watu wengi humwita usubi, lakini Tanzania jina hilo limeshikwa zaidi na ugonjwa wa upofu wa mtoni, unaoenezwa na nzi mwingine kabisa, mweusi, anayezaliana kwenye maji yaendayo kasi na kuuma mchana. Sisi tunatumia jina nzi wa mchanga.

Nzi wa mchanga ana urefu wa milimita 2 hadi 3, rangi ya vumbi, mwili wenye vinyweleo, na akitua husimamisha mabawa yake juu kama herufi V. Hana mlio. Huruka kidogokidogo kama anayedunda, na kwa kawaida haendi zaidi ya mita mia kadhaa kutoka alikozaliwa. Jike pekee ndiye anayenyonya damu, kuanzia jioni hadi alfajiri, ingawa ukimsumbua mchana kwenye maficho yake yenye kivuli anaweza kukuuma.

Hazai kwenye maji, kwa hiyo kufukia madimbwi kwa ajili ya mbu hakumgusi. Mayai yake huhitaji udongo wenye unyevu kidogo na mabaki ya mimea au samadi: nyufa za kuta na za ardhi, mashimo ya panya, vichuguu vya mchwa, mapango, sakafu ya zizi, magamba ya miti.

Akinyonya damu au maji ya ngozi yenye vimelea, vimelea hubadilika umbo tumboni mwake, huota mkia na kuongezeka kwa siku kadhaa hadi kuziba njia ya chakula. Akienda kunyonya tena inambidi atapike kidogo ndani ya jeraha, na ndipo maambukizi huingia.

"Mnyama hifadhi" maana yake nini?

Ni mnyama, au kundi la wanyama, ambaye kwake vimelea hudumu mwaka hadi mwaka hata kama hakuna binadamu karibu. Vimelea vya Leishmania vimepatikana kwa makumi ya aina za wanyama, lakini kupatikana hakutoshi. Ng'ombe aliyechomwa na nzi mwenye vimelea anaweza kuonyesha kingamwili kwenye damu bila kumrudishia nzi mwingine hata kimelea kimoja. Huyo ni mwenyeji wa kupita tu, njia isiyo na mlango wa kutokea.

Ili aitwe hifadhi, mnyama lazima awe mwingi, aishi muda wa kutosha kuvusha vimelea katika miezi ambayo nzi hawapo, avibebe kwenye ngozi au damu mahali nzi anapoweza kuvichota, na vimelea vyake viwe vilevile vinavyopatikana kwa wagonjwa. Kipimo cha uhakika ni kuwaacha nzi safi waliolelewa maabara wamnyonye, kisha kuwapasua siku chache baadaye na kuangalia kama wameambukizwa. Ni kazi ngumu na ya gharama. Ndiyo maana orodha ya "wanyama waliokutwa na vimelea" ni ndefu, na ile ya wanyama hifadhi waliothibitishwa ni fupi.

Ni wanyama gani hasa, na wapi?

Mbwa ndiye hifadhi kuu ya Leishmania infantum, inayosababisha kala-azar katika nchi za pwani ya Mediterania, sehemu za Mashariki ya Kati na China, na Amerika ya Kusini, hasa Brazil. Charles Nicolle na mwenzake walimtambua mbwa kuwa anabeba vimelea hivi huko Tunis mwaka 1908.

Leishmania major, ya vidonda vya ngozi, ni ya panya wa jangwani. Asia ya Kati ni panya mkubwa aitwaye Rhombomys opimus, anayeishi kwa makundi kwenye mashimo marefu yenye matawi mengi. Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati ni Psammomys obesus, pamoja na jamii ya Meriones. Panya na nzi hulala kwenye shimo moja: nje jua linawaka, ndani kuna ubaridi na unyevu, na damu iko hapohapo.

Leishmania aethiopica, ya nyanda za juu za Ethiopia na Mlima Elgon, hutunzwa na pimbi. Nzi wake hukaa kwenye miamba na mapango wanamolala pimbi, kwa hiyo wanaougua ni wanaoishi kando ya magenge au wanaolaza mifugo mapangoni.

Katika misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, spishi mbalimbali hutunzwa na slothi (mnyama wa mitini anayetembea polepole mno), mla-sisimizi na panya wa msituni. Huko anayeugua ni mkata miti, askari, mchimba dhahabu. Mtu aliyeingia msituni kukatiza mzunguko usiomhusu.

Leishmania tropica ina pande mbili. Katika miji kama Kabul na Aleppo huenda kutoka mtu hadi mtu kupitia nzi, bila mnyama. Mahali pengine, pamoja na sehemu za Israeli na Palestina, pimbi ndiye anayeitunza.

Na kala-azar ya Afrika Mashariki inatoka kwa mnyama gani?

Kwa sehemu kubwa inatoka kwa binadamu. Kimelea ni Leishmania donovani, kama India, Nepal na Bangladesh, na mtu mgonjwa ndiye chanzo kikuu. Vimelea vimepatikana kwa mbwa na hata nguchiro huko Sudan, na mjadala haujafungwa kuhusu mchango wao. Lakini hakuna mnyama ambaye ukimwondoa leo una uhakika kala-azar itakoma Gedaref (Sudan), Baringo (Kenya) au Karamoja (Uganda).

Nzi wenyewe ni wawili tofauti. Sudan, Sudan Kusini na nyanda za chini za kaskazini-magharibi mwa Ethiopia yupo Phlebotomus orientalis, anayependa misitu ya migunga na udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi. Kenya, Uganda na kusini mwa Ethiopia yupo zaidi Phlebotomus martini, mkazi wa vichuguu. Mchunga mifugo anayeketi juu ya kichuguu jua likizama amekaa juu ya paa la nyumba ya nzi.

Mtu aliyepona anaweza bado kuwaambukiza nzi?

Ndiyo, na hili ndilo husahaulika zaidi. Baadhi ya waliotibiwa kala-azar hutokwa baadaye na madoa meupe au vinundu usoni, kisha mikononi na kifuani. Sudan hali hii huwapata karibu nusu ya waliopona, kwa kawaida ndani ya miezi 6. India na majirani zake ni wachache zaidi, takriban 5 hadi 10 kwa kila 100, ila huchelewa kwa miaka 2 au 3. Mwenye madoa hajisikii mgonjwa, anakula na kufanya kazi, kwa hiyo harudi hospitali. Wakati huohuo ngozi yake ina vimelea, hasa ikiwa na vinundu.

Utafiti wa kunyonyesha nzi uliofanyika Bihar, India, ulionyesha kwamba wagonjwa wa kala-azar kabla ya tiba na wale wenye madoa waliambukiza nzi, lakini watu wenye vimelea wasio na dalili zozote hawakuambukiza. Kwa hiyo nguvu za kutafuta watu zielekezwe kwa wenye homa na wenye madoa.

Kundi jingine la kuangaliwa ni wenye VVU na kala-azar pamoja. Miili yao hujaa vimelea, ugonjwa huwarudia hata baada ya tiba, na hubaki chanzo kwa muda mrefu.

Ninaweza kuambukizwa kwa kumgusa mgonjwa, kula naye au kulambwa na mbwa?

Hapana. Bila nzi kuna njia chache tu, na zote ni nadra: sindano iliyotumiwa na mwingine, damu ya kuongezewa, kiungo kilichopandikizwa, mama kwa mtoto tumboni, na ajali za maabara. Kwa mbwa, mama huweza kuwaambukiza watoto tumboni. Mlipuko wa mwaka 1999 kati ya mbwa wa kuwindia mbweha nchini Marekani uliendelea kwa njia hiyo hata pale nzi hawakuonekana kuhusika.

Mbwa wangu ana vimelea. Nimuue?

Si lazima, na kwa jamii nzima kuua mbwa kumekuwa na matokeo duni. Brazil ilifanya hivyo kwa miongo kadhaa. Matatizo yalijirudia: majibu ya vipimo yalichukua muda na mbwa aliendelea kunyonywa na nzi, vipimo viliwakosa baadhi ya walioambukizwa, na wenye mbwa walileta mtoto wa mbwa ndani ya wiki chache, ambaye hana kinga yoyote na huambukizwa upesi kuliko mzee aliyeondolewa.

Mbwa anayeugua hupoteza manyoya kuzunguka macho na masikio, ngozi hutoa magamba, kucha hurefuka kupita kiasi, hukonda, hutokwa damu puani, na mwishowe figo hushindwa. Lakini wengi walioambukizwa huonekana wazima kabisa. Tiba hupunguza vimelea na dalili bila kuvimaliza, hivyo mbwa aliyetibiwa anahitaji kinga dhidi ya nzi maisha yake yote. Dawa za binadamu zisitumiwe ovyo kwa mbwa, kwani usugu ukizuka utaturudia sisi.

Kola yenye dawa inafanya kazi kweli?

Inafanya, kama inavaliwa. Kola ya deltamethrini (mkanda wa shingoni wenye dawa ya wadudu) huwafukuza na kuwaua nzi wanaotaka kumnyonya mbwa. Mvishe wiki 2 kabla ya msimu wa nzi kwa sababu dawa huchukua siku kadhaa kusambaa kwenye manyoya. Iguse ngozi, ikiacha nafasi ya vidole viwili, na ncha inayozidi ikatwe ili asiitafune. Ibadilishe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, na usimwogeshe mara kwa mara kwa sabuni.

Kinachoangusha miradi ya kola ni kola zinazopotea bila kurudishiwa na mbwa wasio na mwenyewe. Mtaa wenye mbwa wachache tu waliovishwa huwalinda mbwa hao, si watoto wa jirani.

Tukiwaua panya wa jangwani itakuwaje?

Inategemea ni panya yupi, na hapa kosa dogo huharibu bajeti nzima. Nafaka yenye sumu ya zinki fosfidi hufanya kazi kwa Rhombomys na Meriones wanaokula mbegu. Psammomys hula majani ya mimea ya chumvi tu, hivyo nafaka yako ataipita. Kwake dawa ni kung'oa mimea hiyo na kulima ardhi kwa kina ili mashimo yavunjike.

Ukitega sumu wakati nzi ni wengi, panya hufa na nzi wenye vimelea hubaki bila chakula. Huhamia nyumba zilizo karibu. Kazi hiyo ifanyike kabla ya msimu wa nzi. Eneo lisafishwe kwa upana wa kutosha kuzunguka makazi, na likaguliwe kila mwaka maana panya wa pembeni hurudi kwenye mashimo matupu.

Chandarua changu cha malaria kinatosha?

Nusu. Nzi wa mchanga ni mdogo kiasi cha kupenya matundu ya chandarua cha kawaida kisicho na dawa. Chenye dawa humwua au humfukuza anapojaribu kupita. Kikioshwa hadi dawa ikaisha, amepita. Chandarua cha matundu madogo sana humzuia hata bila dawa, ila joto ndani yake huwafanya watu wakitupe pembeni usiku wa kiangazi, ambao ndio msimu wenyewe.

Jaribio kubwa katika vijiji vya India na Nepal, lililochapishwa mwaka 2010, halikuonyesha kwamba kugawa vyandarua vya dawa kijiji kizima kulipunguza maambukizi kwa kiwango cha kuridhisha. Usikitupe kwa sababu hiyo. Ongeza nguo ndefu kuanzia magharibi, dawa ya kupaka kwenye ngozi iliyo wazi, na kitanda kilichoinuliwa badala ya kulala chini. Anayelala nje shambani au malishoni ndiye anayekihitaji zaidi, na ndiye ambaye kwa kawaida hana.

Na kupulizia dawa ukutani?

Inafaa pale nzi anapopumzika ndani ya nyumba. Kampeni za DDT dhidi ya malaria India miaka ya 1950 na 1960 zilikaribia kuimaliza kala-azar bila kuilenga. Ziliposimama, ugonjwa ulirudi kwa kishindo Bihar katika miaka ya 1970. Baadaye nzi wakazoea DDT na ikabidi kubadili dawa.

Puliza kuta za ndani na mabanda ya ng'ombe hadi kimo cha mita 1.8 hivi, kwani nzi huyu hapandi juu sana. Makosa ya kawaida ni kuacha banda la mifugo, kupaka ukuta lipu au udongo mpya wiki moja baada ya kupuliza, na kuchanganya dawa nyepesi kuliko maelekezo. Afrika Mashariki, ambako nzi wengi huuma na kupumzika nje, faida yake ni ndogo zaidi; kuziba nyufa na kuacha kulala kando ya vichuguu kuna maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa nini mlipuko huzuka ghafla mahali palipokuwa patulivu?

Kwa kawaida ama watu wamehama, ama mazingira yamebadilika. Katika jimbo la Upper Nile ya Magharibi, Sudan Kusini, vita, njaa na watu wasio na kinga waliopita kwenye misitu ya migunga vilizaa janga lililoanza mwaka 1984 na kuua takriban watu 100,000 ndani ya miaka kumi. Vibarua wa msimu wanaoshuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia kwenda mashamba ya ufuta ya Metema na Humera huugua kwa sababu hiyohiyo: hawajawahi kukutana na kimelea, wanalala nje, na lishe yao ni duni.

Mfano wa mazingira ni Fuenlabrada, karibu na Madrid. Kuanzia mwaka 2009 hadi mwisho wa 2012 waliugua watu 446. Kila mtu alitazama mbwa, na mbwa wakakutwa na maambukizi machache. Hifadhi ilikuwa sungura wa porini waliojaa katika bustani mpya kubwa iliyojengwa kando ya mji, wasio na adui wa kuwala.

Homa ya namna gani inipeleke kupima?

Homa iliyopita wiki 2, tumbo kujaa upande wa kushoto chini ya mbavu, kukonda, upungufu wa damu, na kipimo cha malaria hakioni kitu au dawa ya malaria haikusaidia. Ongeza historia ya kuishi au kupita eneo lenye ugonjwa, hata miezi 6 iliyopita, kwani dalili mara nyingi huchelewa miezi 2 hadi 6.

Kipimo cha haraka cha rK39, kinachotafuta kingamwili dhidi ya vimelea, hutumia tone la damu. Afrika Mashariki kipimo hiki hukosa wagonjwa wengi zaidi kuliko India, kwa hiyo jibu la "hakuna" kwa mtu mwenye dalili zote halifungi kesi. Hospitali yenye uwezo itachukua sampuli ya wengu au uboho. Tena kipimo cha rK39 hubaki chanya muda mrefu baada ya kupona, hivyo hakiwezi kutambua ugonjwa uliorudi.

Tiba ya mtu mmoja inamsaidiaje jirani?

Pale binadamu ndiye hifadhi, kila wiki ya kuchelewa ni wiki ya kulisha nzi. Tiba iliyozoeleka Afrika Mashariki ni sindano za sodiamu stibogluconeti pamoja na paromomisini kwa siku 17. Homa hushuka ndani ya wiki ya kwanza, na hapo ndipo baadhi hutoroka wodini. Ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi. Miltefosini ni ya kumeza, lakini hudhuru mimba: mwanamke anahitaji uzazi wa mpango wakati wa tiba na miezi 5 baada yake.

Bangladesh, kwa kutafuta wagonjwa mapema na kuwatibu, pamoja na kupulizia nyumba, iliidhinishwa Oktoba 2023 kuwa nchi ya kwanza kuiondoa kala-azar kama tatizo la afya ya jamii, yaani chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000 katika kila wilaya ndogo. Njia hiyo isingefaa kitu mahali ugonjwa unatunzwa na panya.

Kwa vidonda vya ngozi vya mijini, vile vya Leishmania tropica, kufunika kidonda usiku kwa bandeji au nguo ni kinga halisi kwa wanaolala chumba kimoja, maana nzi huchota vimelea kwenye kingo zake.

Nilipona zamani. Naweza kutoa damu?

Ikiwa ilikuwa kala-azar, waambie kabla ya kutolewa. Vimelea vichache huweza kubaki mwilini kwa miaka bila madhara kwako, na kumdhuru anayepewa damu ambaye kinga yake ni dhaifu. Benki nyingi za damu hazichukui kabisa. Kwa sababu hiyohiyo, ukianza dawa za kushusha kinga, au ukigundulika na VVU, mkumbushe daktari historia hiyo hata kama ni ya utotoni.